Joho la Turubai la Jeshi kama Vazi la Mvua na Kibanda cha Kulala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Goma

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipanda kutoka Goma kwenda kwenye malisho ya Masisi kununua jibini, na mara nyingi nimelala njiani chini ya joho moja la turubai. Wafugaji, wasukuma chukudu (skuta za mbao za kubebea mizigo), walinzi wa usiku na vijana wanaopenda kupanda milima huniuliza maswali yaleyale, nami nimeamua kuyaandika pamoja na majibu yake. Nimejibu kwa kirefu pale nilipoona watu wakiumia au wakiharibu mali yao. Kwingine nimekata maneno.

Joho la turubai la jeshi ni kitu gani hasa?

Ni kipande kimoja cha kitambaa kizito cha pamba ambacho majeshi kadhaa ya Ulaya yaliwapa askari wao ili mchana kiwe vazi la mvua na usiku kiwe hema. Waitaliano walikuwa na lao lenye mabaka tangu mwaka 1929. Wajerumani walitoa mwaka 1931 joho la pembetatu liitwalo Zeltbahn, lenye vifungo pembezoni, na askari wanne walipounganisha majoho yao walipata hema la piramidi. La Wasovieti, plashch-palatka, ni mraba wa karibu sentimita 180 kila upande. Lina kamba inayokaza kitambaa kichwani hadi kiwe kofia, na mwanya wa kupitisha mkono. Wapolandi walishona majoho yaliyokatwa kwa namna ambayo mawili yakiunganishwa hufanya hema lenye umbo la pia, likisimama juu ya mti mmoja wa katikati.

Ninayoyasema hapa yanahusu pamba tu. Joho la nailoni au la kitambaa kilichopakwa mpira ni jambo jingine, na ukilitendea kama turubai la pamba utaliharibu.

Je, raia anaweza kulivaa Goma bila matatizo?

Likiwa na rangi yake ya jeshi, hapana, na ninawaomba wasomaji walichukulie jibu hili kwa uzito kuliko mengine yote. Kuvaa mavazi ya kijeshi bila kuwa mwanajeshi ni kosa kwa sheria ya nchi yetu. Zaidi ya sheria, tunaishi katika mkoa ambao umejua vita kwa miaka mingi, ambako mtu aliyesimama kilimani jioni akiwa amejifunika kitambaa cha kijani anaweza kudhaniwa kuwa mpiganaji na yeyote anayemtazama kwa mbali, na hakuna atakayemfuata ili amuulize jina lake kwanza.

Kwa hiyo joho lenye mabaka ya kujificha usilinunue kabisa, hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu rangi yoyote utakayopaka juu yake bado itaacha mabaka yaonekane. La rangi moja, kama kaki au kijani, linaweza kubadilishwa. Ng'oa kwanza mihuri na namba zilizoshonwa. Kisha litie rangi ya nguo za pamba katika maji ya moto, uchague kahawia nzito au rangi ya damu ya mzee. Usichague bluu ya giza, maana inakaribia sare za polisi. Baada ya hapo shona utepe mpana wa rangi ya kung'aa, njano au machungwa, mgongoni na kifuani. Langu lina tepe mbili za kitenge cha njano zilizoshonwa na fundi wa Birere, na tangu siku hiyo wanawake wa njiani huniita kwa mbali kwa jina la jibini yangu badala ya kukaa kimya nikipita.

Kumbuka kwamba kutia rangi katika maji ya moto huondoa sehemu ya dawa ya kuzuia maji iliyokuwa kwenye kitambaa. Tia rangi kwanza, dawa ifuate baadaye.

Kitambaa cha pamba kinazuiaje mvua wakati kina matundu?

Nyuzi za pamba hunywa maji kidogo na kuvimba. Zikivimba, zinabanana, na nafasi kati yake zinakuwa ndogo kiasi kwamba tone la maji hulala juu yake likiwa limeshikiliwa na utando wake lenyewe, kisha huteleza kwenda chini. Ndiyo sababu turubai jipya, au lililofuliwa sana, huvuja mwanzoni na kutulia baada ya kulowa na kukauka mara mbili au tatu. Kabla ya safari, litandaze uani, limwagie maji mengi, liache likauke kabisa, urudie tena. Kulowa huko pia hulifanya linywee, na ni afadhali linywee uani kwako kuliko likiwa limefungwa kwa kamba juu ya kichwa chako.

Faida yake kuu ukililinganisha na shitingi ya plastiki ni kwamba linapumua. Chini ya plastiki jasho na pumzi hugeuka maji, na mtu aliyepanda mlima akiwa amejifunika plastiki hufika amelowa kwa ndani hata kama hakuna tone la mvua lililompata.

Kwa nini huvuja pale ninapoligusa?

Kwa sababu kidole, bega au kichwa kikigusa upande wa ndani, ule utando wa maji hukatika, na maji hupata njia ya kupita. Yakishaanza kupita mahali pamoja hayaachi mpaka kitambaa kikauke.

Nilijifunza hili usiku mmoja karibu na Mushaki, nikiwa nimelifunga joho chini mno kwa kuogopa upepo. Bega langu la kushoto lililala limeegemea kitambaa, na kufikia usiku wa manane blanketi lilikuwa limelowa upande mmoja wote huku upande wa pili ukiwa mkavu kama unga. Mzee mfugaji tuliyelala naye aliamka, akatazama, akasema: «Mwanangu, ondoa bega lako kwenye nguo, unayaita maji.» Kisha akaweka kidole chake pale palipokuwa pakidondoka, akakiburuta polepole juu ya kitambaa hadi ukingo wa chini, karibu na ardhi. Matone yakaacha kuanguka juu yangu. Yakafuata mstari ule wa kidole na kutokea nje. Huo ndio ufundi wa kuokoa usiku: huwezi kuziba njia ya maji iliyokwisha kufunguka, lakini unaweza kuyaonyesha pa kwenda.

Unapolivaa, sehemu inayogusa mabega ndiyo hulowa kwanza. Vaa sweta au koti la sufu ndani yake. Mimi hubeba kikapu cha jibini mgongoni na kulitupia joho juu ya vyote viwili. Kikapu hulinyanyua kitambaa kutoka mgongoni, na mgongo hubaki mkavu.

Nipake nini ili lizuie maji zaidi?

Kuna njia mbili ambazo nimezitumia, na vifaa vyake vinapatikana sokoni.

Ya kwanza ni sabuni na shabu (alum). Chukua nusu kilo ya sabuni ya kipande ya mafuta ya mawese, ikwangue, iyeyushe katika lita 8 za maji ya moto, kisha lowesha joho humo mpaka lote lipate. Litundike bila kulikamua sana. Likikaribia kukauka, yeyusha robo kilo ya shabu katika lita nyingine 8 za maji ya moto, litumbukize, uliache kwa saa mbili au zaidi, halafu litundike likauke moja kwa moja. Shabu hukutana na sabuni ndani ya nyuzi na kufanya kitu kisichoyeyuka tena katika maji, kinachobaki humo kikiyafukuza. Ni lazima iwe sabuni ya kweli. Unga wa kufulia wa kwenye pakiti hauleti matokeo hayo, na mtu akiniambia njia hii haifanyi kazi, swali langu la kwanza huwa hilo. Joho lililotibiwa hivi linaendelea kupumua na haliongezeki uzito, ila dawa inapaswa kurudiwa kadiri inavyofifia.

Ya pili ni nta: mishumaa iliyochanganywa na nta ya nyuki, ambayo wauza asali huiuza kwa bei ndogo. Iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Usiiweke kamwe juu ya moto wenyewe, kwa sababu mvuke wa nta huwaka ghafla. Ipake kwa brashi ikiwa ya moto, kisha pitisha pasi au acha jua la mchana liisukume ndani ya nyuzi. Inazuia maji vizuri sana, lakini joho huwa zito, hukakamaa kwenye baridi ya Masisi, hupumua kidogo na hushika moto upesi. Mimi hupaka nta mabegani na kwenye kofia tu, kwingine hutumia shabu.

Wengine husifu mafuta ya kitani yanayotumiwa na maseremala. Sishauri. Matambara yenye mafuta hayo yakirundikwa huweza kujiwasha yenyewe bila kiberiti.

Je, moshi wa Nyiragongo unaharibu turubai?

Ndiyo, na hili halisemwi vya kutosha. Gesi za volkeno zikichanganyika na mvua huifanya iwe na asidi, na asidi hula nyuzi za pamba. Upepo wa kawaida huupeleka moshi upande wa magharibi, kwa hiyo wanaokwenda upande huo, au wanaolala juu mlimani kwenye mita 3,470, ndio wanaopata mvua mbaya zaidi. Kitambaa hakibadiliki rangi. Kinapoteza nguvu kimyakimya, hadi siku moja unavuta kona na inabaki mkononi. Ukirudi kutoka huko, lisuuze joho kwa maji safi mengi kabla ya kulikausha, pamoja na pete za chuma za matundu, maana kutu yake nayo huozesha kitambaa kinachoizunguka.

Nitalifungaje juu ya mawe ya volkeno ambako kigingi hakiingii?

Sehemu kubwa ya mji wetu na njia za kaskazini zimekaa juu ya lava, ikiwemo ile iliyopita katikati ya mji Januari 2002 hadi ziwani, na ile ya Mei 2021. Vigingi ni vya wenye udongo, kama ndugu zetu wa Bukavu. Sisi tuna mawe. Zungusha kamba kwenye jiwe kubwa, au funga kamba kwenye jiwe la ukubwa wa kichwa kisha uweke jingine juu ya kamba hiyo. Tatizo ni kwamba jiwe la lava hukata kama msumeno: kamba inayochezeshwa na upepo hukatika kabla ya alfajiri. Vika sehemu inayogusa jiwe kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Hatua hiyo ndogo ndiyo iliyonipunguzia matatizo kuliko nyingine yoyote.

Ikiwa tundu la kona limechanika, usitoboe jingine. Weka kijiwe cha mviringo ndani ya kitambaa, kishike kwa nje kama unayefunga chumvi kwenye pindo la kitenge, kisha funga kamba chini ya kijiwe hicho. Inashika kuliko tundu lenyewe.

Jambo jingine ni mvua inapoanza. Turubai la pamba hukaza likilowa, na kamba ya mkonge nayo hunywea. Ukiwa umefunga kwa nguvu wakati wa ukavu, kitu fulani lazima kipasuke. Amka ulegeze kamba kidogo. Ya nailoni hufanya kinyume chake: hurefuka ikilowa, na hapo utaamka kukaza.

Joho moja linamtosha mtu mmoja kulala?

La sentimita 180 kwa 180 linatosha ukilitumia kwa pembe. Upande wake ni mfupi kwa mtu mzima aliyenyooka, lakini kutoka kona hadi kona kuna karibu sentimita 254. Funga kona moja kwenye mti au fimbo iliyosimama, kimo cha kifua. Kona ya mkabala iteremshe hadi ardhini upande unaotoka upepo. Kona mbili zilizobaki zivute pembeni na kuzilaza chini. Lala ukifuata mstari wa katikati, kichwa upande ulioinuka. Mteremko uwe mkali, maana maji yakipata mahali pa kutuama juu ya pamba yatashuka. Hakikisha pia kwamba mwanya wa mkono umefungwa na kifuniko chake kinatazama chini.

Na usisahau kilicho chini yako. Ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Majani makavu ya migomba yenye unene wa kiganja, na kipande cha shitingi juu yake, vitakupa usingizi kuliko joho la pili.

Nichague wapi pa kulala?

Popote pengine ningejibu: mahali pa chini pasipo na upepo. Katika nchi yetu jibu hilo linaweza kuua. Kati ya Goma na Sake, na kandokando ya ziwa, kuna mabonde madogo na mashimo ya lava yenye mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hutuama chini kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mtu aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo aliyelala hataamka. Kibanda cha joho humlaza mtu chini kabisa na kumkinga na upepo, yaani na kitu kilekile ambacho kingeitawanya hewa hiyo.

Panda juu, hata kama upepo utakusumbua. Waulize wenyeji kabla ya jua kuzama. Wanayajua mashimo yao kwa majina, na watoto wanaochunga mbuzi huyajua kuliko wote. Ukiona ndege, panya au wadudu wengi wamekufa mahali pamoja, ondoka bila kuinama.

Je, naweza kuweka jiko la makala (makaa) ndani?

Hapana. Makala yanayowaka mahali palipozibwa hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo nayo haina harufu, na turubai lililolowa hupitisha hewa kidogo kuliko kavu. Moto uwe nje, mbele ya uwazi. Pamba isiyopakwa nta huvumilia cheche kuliko nailoni kwa sababu haiyeyuki, lakini cheche inaweza kuendelea kuila taratibu kwa dakika kadhaa, ikipanua tundu bila mwali. Izime kwa vidole vilivyolowa mara unapoiona.

Linafaa kwa motari (dereva wa pikipiki) au msukuma chukudu?

Kwa motari, halifai. Upepo huliinua, pindo huingia kwenye mnyororo au gurudumu la nyuma, na kofia huziba macho ya pembeni. Kwa msukuma chukudu linafaa wakati wa kupanda, akiwa anasukuma kwa miguu. Wakati wa kuteremka, akiwa amepiga goti juu ya ubao, alivue na kulifunikia mzigo wake, na kulifunga.

Familia iliyokimbia inaweza kuishi chini yake?

Inaweza kupita usiku mmoja wa mvua, mama na watoto wadogo, na hilo si dogo. Makao hayawezi kuwa. Shitingi ya mita 4 kwa 5 inafunika watu na vyombo, haiozi ikilowa mfululizo, na haihitaji kuanikwa kila asubuhi. Mwenye nafasi ya kumpa jirani kitu kimoja, ampe shitingi.

Nitalichaguaje kwenye tombola, yaani mitumba, na nisipolipata?

Kwenye mitumba huonekana mara chache. Linuse kwanza: harufu ya uvundo maana yake kuvu limeshaanza kula. Liinue mbele ya jua utafute nyota ndogo za mwanga. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili karibu na pindo, uvute kwa nguvu ya wastani. Kizima hakitoi sauti, kilichooza hulia kama karatasi. Likiwa na harufu kali ya dawa, lifue mara kadhaa na kulianika nje kwa siku nyingi kabla ya kulala chini yake.

Usipolipata, fundi anaweza kulishona kwa turubai jipya la pamba, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora zaidi hapa kwetu, kwa kuwa unachagua rangi tangu mwanzo na hakuna atakayekuuliza umelitoa jeshi gani. Mwombe fundi aunganishe vipande kwa mshono wa kukunja mara mbili, na atumie uzi wa pamba, kwa sababu uzi huo nao huvimba ukilowa na kuziba matundu ya sindano.

Nitalitunzaje katika unyevu wa Goma?

Lisikunjwe likiwa limelowa hata usiku mmoja ikiwa una namna. Kama ni lazima kusafiri nalo likiwa hivyo, lifungue mara unapofika, hata kama umechoka, hata kama mvua inaendelea. Litundike ndani ya nyumba. Kati ya Juni na Agosti ni rahisi. Kati ya Septemba na Desemba, na tena Machi hadi Mei, itakubidi uvizie jua. Likikauka liondoe juani, kwa kuwa jua la kila siku nalo hudhoofisha pamba. Tope lisuguliwe kwa brashi na maji baridi bila sabuni ya unga. Hifadhi kwa kulitundika, si kwenye sakafu ya saruji, na mbali na panya, ambao hupenda sana lile lenye nta.

Nitajuaje kwamba limekwisha?

Likianza kupasuka kandokando ya viraka, yaani kiraka kimeshika na kitambaa cha pembeni kimeachia, hakuna fundi wa kulirudisha. Kata sehemu nzima za katikati, zinatosha mfuko wa kubebea au tandiko la chini ya mzigo. Vifungo vya mti na pete za matundu uvikate pamoja na kitambaa kidogo kinachovizunguka, uvitie kwenye kopo; fundi atavihitaji atakapokuwa akishona joho lingine.